Waliopigwa Hawaii, Waliofungwa California

Wazee wetu mlioketi hapa mbele, mabibi na mabwana, na nyinyi vijana mliokosa viti mkasimama pale mlangoni, habari za jioni. Nimekuja kuwasimulia watu wa asili ya Kijapani waliofungwa Marekani wakati wa Vita vya Pili vya Dunia.

Nianze na Kilindini, bandari yetu wenyewe. Mwezi wa Aprili 1942 ndege za Kijapani ziliushambulia mji wa Colombo, na Waingereza wakazikimbiza manowari zao zikaja kutia nanga hapa Mombasa. Kikosi kilichowakimbiza, chini ya Admirali Nagumo, ndicho kile kile kilichopiga Pearl Harbor miezi minne kabla. Baadaye vijana wetu wa KAR, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki, wakapelekwa Burma kupigana na Mjapani, na najua wajukuu wao wamo humu ukumbini. Kwa hiyo sitawaambia kwamba adui huyo alikuwa wa kuwaziwa tu. Alikuwepo, na alikuwa na nguvu.

Jumapili, tarehe 7 Desemba 1941, saa mbili kasoro dakika tano asubuhi, mabomu yalianza kuanguka Pearl Harbor, katika kisiwa cha Oahu, Hawaii. Ndege zaidi ya 350 zilitoka kwenye manowari sita za kubebea ndege, zikaja kwa mawimbi mawili. Vita vilikuwa havijatangazwa. Waliokufa upande wa Marekani ni watu 2,403, na karibu nusu yao walikuwa ndani ya meli moja, Arizona. Mabaki yake yangali chini ya maji pale pale.

Sasa nitegeeni sikio, maana jambo lililonileta hapa ni hili. Hawaii, mahali palipopigwa, waliishi watu wa asili ya Kijapani wapatao 158,000. Walikuwa zaidi ya theluthi moja ya wakazi wote. Kama kuna mahali ambapo jasusi mmoja angeleta maangamizi, ni pale. Waliowekwa kizuizini kutoka Hawaii hawakufika 2,000. Marekani bara, pwani ya magharibi, karibu kilomita 4,000 kutoka lilikoanguka bomu, waling'olewa watu wapatao 120,000: wanaume, wanawake, vikongwe, watoto wachanga. Theluthi mbili yao walikuwa raia wa Marekani kwa kuzaliwa.

Kwa nini waliokuwa mbali waliadhibiwa na waliokuwa karibu wakaachwa? Kwa sababu Hawaii iliwahitaji. Ndio waliokuwa mashambani, bandarini, kwenye useremala. Jenerali Emmons, aliyekuwa akiitawala Hawaii kijeshi, aliona kwamba ukiwaondoa hao kazi zote za visiwa zinakwama. California hawakuhitajiwa hivyo. Kule walikuwa washindani.

Wahamiaji wa kwanza, wanaojiita Issei, walikatazwa na sheria kuwa raia, hata wakae miaka 40. Mwaka 1913 California ikapitisha sheria kwamba asiyeweza kuwa raia asimiliki shamba. Wengine wakaandikisha ardhi kwa majina ya watoto wao, Nisei, waliozaliwa pale. Mwaka 1924 mlango wa kuingia ukafungwa kabisa. Watu hawa walichukua ardhi ambayo wengine waliidharau, wakaotesha mboga na stroberi. Vita vilipoanza, kiongozi mmoja wa chama cha wakulima wa mboga wa Salinas alikiri gazetini kwamba, ndiyo, walitaka Wajapani waondolewe kwa faida yao wenyewe. Alilisema hadharani, mwaka 1942.

Hoja ya serikali ilikuwa kama ile methali yetu, kikulacho ki nguoni mwako. Lakini waliopewa kazi ya kuikagua nguo hawakukuta kitu. Munson, aliyetumwa kuchunguza kwa siri kabla ya shambulio, aliripoti kwamba watu hawa kwa jumla ni waaminifu. Ringle wa ujasusi wa jeshi la majini alisema vivyo hivyo. Hata Hoover, mkuu wa FBI, hakuona haja ya kuwahamisha wote. Basi Jenerali DeWitt, aliyesimamia pwani ya magharibi, akaleta hoja ambayo kila nikiisoma huishia kuifunga karatasi: kwamba kutokuwepo kwa hujuma yoyote hadi siku ile ni dalili kwamba hujuma itatokea. Mbele ya hoja kama hiyo mtu atajitetea kwa lipi? Akitenda kosa ana hatia, asipotenda hatia yake imethibitika.

Tarehe 19 Februari 1942 Rais Roosevelt akatia saini Amri namba 9066. Isomeni, hamtaona neno Mjapani. Inasema tu kwamba jeshi linaweza kutenga maeneo na kumwondoa yeyote. Matangazo yaliyobandikwa mitaani ndiyo yaliyotaja. Yaliwaamuru watu wote wa asili ya Kijapani, wageni na "wasio wageni". Mimi ni mwalimu wa lugha, naomba mniruhusu nikae hapa kidogo. Asiye mgeni ni nani? Ni raia! Neno lilikuwepo, linajulikana, limeandikwa kwenye katiba yao. Aliyeandika tangazo aliliruka makusudi, kwa sababu raia hawezi kufungwa bila mashtaka, na yule "asiye mgeni" hakuna katiba inayomtaja.

Wa kwanza kuondolewa walikuwa watu 227 wa kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington. Walipewa siku sita. Kila mtu na mzigo anaoweza kuubeba, na kila familia na namba yake, imeandikwa kwenye kibandiko kilichofungwa kotini. Kule kwingine wengi walipelekwa kwanza kwenye viwanja vya mbio za farasi, Tanforan na Santa Anita, wakalala kwenye mabanda ya farasi ambayo harufu ya samadi ilikuwa haijatoka. Kisha kambi 10 za nyikani na vinamasini: Manzanar, Tule Lake, Topaz, Heart Mountain na nyinginezo. Seng'enge, minara ya walinzi, na vumbi linalopenya kwenye nyufa za mbao hadi kwenye chakula. Kule Topaz, mwaka 1943, askari alimpiga risasi mzee wa miaka 63 karibu na ua. Askari huyo akafikishwa mahakama ya kijeshi, akaachiliwa.

Mwaka huo huo serikali ikawapa fomu ya maswali. Swali la 28 liliwataka wamkane Mfalme wa Japani. Mfikirieni Issei: Marekani imemkatalia uraia, na sasa anatakiwa aukane ule mmoja alio nao, abaki bila nchi. Nao vijana waliotoka kwenye kambi hizo hizo wakajiunga na Kikosi cha 442 cha jeshi la Marekani, wakafa Italia na Ufaransa wakati mama zao wako nyuma ya seng'enge.

Fred Korematsu, fundi wa kuchomelea vyuma kutoka Oakland, alikataa kwenda. Akakamatwa, akahukumiwa, na mwaka 1944 Mahakama ya Juu ikaithibitisha hukumu yake kwa majaji sita dhidi ya watatu. Miaka ikapita. Halafu mama mmoja, Aiko Herzig-Yoshinaga, aliyefungwa Manzanar akiwa msichana, akawa anapekua makabrasha kwenye nyaraka za taifa. Akakuta nakala ya ripoti ya kwanza ya DeWitt, ile ambayo jeshi liliamuru ichomwe moto. Ndani yake imeandikwa wazi kwamba tatizo halikuwa ukosefu wa muda wa kuwachunguza watu mmoja mmoja. Mahakama ilikuwa imeambiwa kinyume chake. Mwaka 1983 hukumu ya Korematsu ikafutwa.

Mwaka 1988 Rais Reagan akatia saini sheria ya kuomba radhi na kulipa dola 20,000 kwa kila aliyekuwa hai siku ile. Malipo ya kwanza yalitolewa Oktoba 1990. Mwanasheria mkuu wa serikali alipiga magoti mbele ya mchungaji mzee wa miaka 107, akamkabidhi hundi. Mzee yule alikuwa Issei. Wengi wa rika lake, wale waliofika kwa meli, wakakatazwa uraia, wakanyimwa shamba, kisha wakafungwa, walikuwa wamekwisha kufa, na sheria haikuwapa kitu.

Ahsanteni. Nayapokea maswali.