Umefika Ukurasa wa Ngapi?

Mhadhara uliotolewa Tanga mbele ya wasomaji wa riwaya

Shikamooni wazee wangu. Vijana, hamjambo? Mwenyekiti ameniomba niseme juu ya kusoma riwaya pamoja kwa njia ya simu, na wengi wenu humu mmeshanisikia nikilisema, kwa hiyo sizunguki. Nina ombi moja. Acheni kutuletea majalada, tuleteeni kurasa.

Mnajua ninachokisema. Mtu ananunua kitabu, anakiweka mezani pembeni ya kikombe cha chai, anakipiga picha, anaitupa kwenye grupu. Chini anaandika: "Kitabu kizuri sana, kila mtu akisome." Grupu zima linamwaga vidole gumba, halafu kimya. Wiki mbili baadaye analeta jalada jingine. Sasa mimi nimeambiwa nini hapo? Huo uzuri uko wapi? Ulicheka wapi, ulisonya wapi, ni wapi ulikiweka chini ukaenda kunywa maji kwa sababu moyo ulikuwa unakudunda? Hayo ndiyo nayataka, na kila moja lina ukurasa wake.

Ndiyo maana kwenye grupu letu salamu yetu ni swali: umefika wapi? Unataja namba, na sentensi moja au mbili za kinachotokea pale. Basi.

Niwaeleze tuliposoma Kuli ya Adam Shafi, riwaya ya mwaka 1979, habari za wapakuzi wa bandari ya Unguja na mgomo wao wa 1948. Tulikuwa watu 23, wengi wa hapa Tanga, wawili wa Mombasa, mmoja yuko Muscat. Tukapeana wiki tatu. Kati yetu yumo fundi cherehani wa Ngamiani. Jina lake silitaji, hapendi. Huyu bwana kila usiku akishafunga kibanda chake anaandika. "Niko 12." "Niko 20." "Niko 31, huyu Rashidi ananisikitisha." Alipofika 47 akasimama. Kesho yake: "Bado 47." Siku ya tatu: "47." Siku ya tano hakuandika kitu.

Kwenye grupu jingine angeshaondolewa, au angejitoa mwenyewe kwa aibu. Kwetu, mama mmoja mwalimu mstaafu akamwuliza taratibu: "Fundi, kuna nini hapo 47?"

Jibu lilikuja usiku mkubwa, kwa ujumbe wa sauti. Cherehani inasikika nyuma, anasema huku anashona. Marehemu baba yake, akasema, alikuwa kuli hapa hapa Tanga, enzi za matishali, yale mashua ya kubebea shehena, meli zinatia nanga nje na marobota ya mkonge yanazifuata hukohuko. Mzee hakuwahi kuwasimulia wanawe hata neno moja la kazi ile. Alikuwa na sugu kwenye bega la kulia, ngumu kama kisigino, na watoto waliamini kazaliwa nayo. "Sasa nasoma Rashidi anavyobeba," akasema, "naliona bega la mzee. Nikifungua kitabu nasoma mistari mitatu, nafunga." Akanyamaza, na cherehani nayo ikanyamaza. Sote tuliisikia ilivyonyamaza.

Kesho yake akatuma picha. Kulabu ya chuma, mpini wake wa mti umeng'aa kwa kushikwa miaka na miaka, ameilaza juu ya kitambaa cha suti aliyokuwa anaikata, chaki yake iko pembeni. Alikwenda kuitafuta, akaikuta kwenye sanduku la mama yake.

Jamani, ni jalada gani lingetuletea kulabu ile?

Wala mambo hayakuishia hapo. Yule wa Muscat, ambaye kwao ni Unguja, akamsomea bibi yake kurasa zile. Bibi akamwambia siku za mgomo sokoni hukupata hata muhogo, kwa kuwa watu wa shamba nao walikataa kuleta vyakula mjini. Mwingine akatukumbusha kwamba makuli wa Tanga yetu hii waligoma mwaka 1939, miaka tisa kabla ya wenzao wa Unguja. Nusu ya grupu hatukulijua hilo, na tumezaliwa hapa! Yote hayo yalitoka kwenye maneno mawili, "bado 47". Fundi alimaliza kitabu siku ya arobaini na moja. Wiki tatu zilishapita zamani, nasi tulimngoja.

Najua yupo atakayesema kusoma ni jambo la faragha, mtu na kitabu chake, mlango umefungwa. Nani kawaambia hivyo watu wa pwani hii? Tenzi zimesomwa kwa sauti watu wamekaa barazani, huyu anadakia, yule anaomba beti irudiwe. Gazeti la Mambo Leo lilianza 1923, na washairi wakawa wanajibizana humo: huyu anatupa swali kwa shairi, wa mji mwingine anamjibu katika toleo linalofuata, wa tatu anaingilia, na wasomaji nchi nzima wanafuatilia wamefika wapi. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, hapo Machui mnapopajua, mashairi yake yalisomwa humo. Wazee wetu walingoja posta. Sisi jibu linafika kabla chai haijapoa, halafu tunaambiwa tusome kimyakimya!

Mwingine ananiambia, "Hizo namba ni mashindano tu." Hapana, hilo nalikataa kabisa. Mashindano ni yale ya kuhesabu vitabu. Goodreads, ule mtandao wa wasomaji wa vitabu, wana changamoto yao ya kila mwaka tangu 2011: unaahidi utasoma vitabu vingapi. Mtu anaahidi hamsini, ikifika Novemba anatafuta vilivyo vyembamba ili hesabu itimie. Sasa huyo akaichukue Nagona ya Kezilahabi, ya 1990, aione ilivyo nyembamba. Mimi Nagona ilinichukua miezi miwili. Kuna kurasa nilizisoma mara nne, na mara ya nne ndipo nilipoanza kuogopa. Utaandikaje hiyo kwenye hesabu ya hamsini? Namba ya ukurasa haisemi nani yuko mbele. Inatuambia mwenzetu yuko wapi, ili tukimtafuta tumkute.

Na linaloniudhi zaidi ni hili la mitihani. Riwaya zetu zimeingia shule, vizuri, lakini vijana wanazisoma kwenye miongozo. Kijana mmoja aliniambia ameisoma Vuta n'kuvute. Nikamwuliza, ulimwonaje Yasmin, binti mdogo vile, kuozwa kwa Bwana Raza, mtu mzima wa kumzaa? Akanijibu: "Ndoa ya kulazimishwa, hiyo ni dhamira ndogo." Dhamira ndogo! Nikamwambia mwanangu, nenda kaanze ukurasa wa kwanza, na kila jioni uniandikie umefika wapi na umejisikiaje, neno dhamira silitaki. Siku ya tatu akaniandikia: "Mwalimu, nimewakasirikia wazazi wake mpaka nimeshindwa kula." Nikajua sasa anasoma.

Naona Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, mengine nayapitia haraka.

Namba za kurasa hazilingani kila toleo. Nakala ya zamani na ya sasa zinapishana, basi taja na sura, na mhusika aliyetoka kuingia. Tulipoteza siku mbili nzima kubishana, kumbe watu wanasoma mahali pamoja.

Usimtangulie mwenzako. Tulikuwa na Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, Bwana Msa bado anavuta kiko chake na kupeleleza, mtu akaandika muuaji ni nani. Wengine wako sura ya pili! Umefika mwisho, kaa hapo utungoje.

Zile nakala za kupiga picha kitabu kizima na kusambaza, hapana. Najua vitabu ni ghali na maduka ni machache, nalijua sana. Lakini changeni watatu mnunue kimoja, mzungushiane. Mwandishi wa Kiswahili akikosa hata hicho kimoja, cha pili hataandika.

Nilitaka kusema juu ya tafsiri, hasa Peponi ya Gurnah, alivyoifasiri Ida Hadjivayanis na jinsi ilivyotusumbua na kutufurahisha. Itabidi mnialike tena.

Kitabu kinachofuata ni Nyota ya Rehema ya Mohamed Suleiman Mohamed. Nakala saba ziko kwenye mkoba huu. Wa mtaa mmoja wachukue moja. Kesho baada ya isha nitauliza. Fundi yule amekaa pale nyuma, karibu na dirisha, na ameninong'oneza wakati tunaingia: ameshaanza, yuko ukurasa wa 9.