Pima Nyasi Kabla ya Kumpa Poni

Masaisi wenzangu, watunza farasi, habari za asubuhi. Asanteni kwa kuziacha kazi kidogo mkaja.

Nianze na shingo. Kesho ukimpiga poni wako, yule farasi mdogo, brashi, pitisha mkono juu ya shingo, pale yanapoota manyoya marefu. Ukikuta nundu ngumu isiyoyumba hata ukiisukuma, usifurahi kwamba ameshiba. Hayo ni mafuta, na poni wa namna hiyo mara nyingi mwili wake umeacha kuitikia insulini.

Insulini ndiyo inayotoa sukari kwenye damu na kuiingiza kwenye misuli. Mwili ukigoma, kongosho huzidi kuimwaga. Kwa binadamu mwenye kisukari tunapima sukari. Kwa poni, sukari huwa ya kawaida tu. Kinachopanda ni insulini yenyewe. Basi mwombeni daktari wa mifugo apime insulini, asiishie kwenye sukari.

Na hiyo insulini ndiyo inayovunja kwato. Mwaka 2007 watafiti wa Australia waliwawekea poni wasio na ugonjwa dripu ya insulini nyingi, sukari yao ikishikiliwa palepale. Ndani ya saa 72 wakaugua kwato. Ile nyama inayoushikilia mfupa ndani ya ukwato hulegea, mfupa ukashuka. Mnamjua poni mgonjwa wa kwato anavyosimama: miguu ya mbele ameitanguliza, uzito ameurudisha nyuma, kugeuka hataki. Gusa nyuma ya kifundo, mshipa unagonga kidole chako. Ukwato una moto. Huyo usimfanyishe mazoezi hata hatua kumi. Mazoezi ni ya yule ambaye miguu yake ni mizima.

Sasa chakula. Huku kwetu Nanyuki jua ni kali na usiku ni baridi. Nyasi hutengeneza sukari mchana kutwa. Usiku ukiwa wa baridi sana hazikui, sukari inabaki humo hadi alfajiri. Kwa hiyo malisho mabichi ni hatari kwa poni mwenye nundu hata kama yanaonekana mafupi. Mpe nyasi kavu za boma rhodes. Poni wa kilo 200 anayepunguzwa unene, anzia kilo 3 kwa siku, ukizigawa mara tatu au nne. Ziloweke kwenye maji baridi saa moja, kisha maji yale yamwage, maana sukari imehamia humo. Molasi, mahindi, pumba, mkate, karoti za wageni: hapana.

Lakini msimfungie njaa. Naomba sana. Miaka ya nyuma niliwahi kumfungia jike mmoja wa kijivu siku mbili bila kitu, nikiamini namsaidia. Akaacha hata kunywa maji. Daktari alipotoa damu, ikatulia kwenye chupa, na sehemu ya juu ilikuwa nyeupe kama maziwa. Mafuta ya mwili yalikuwa yamefurika kwenye damu, ini likashindwa. Siku ya nne tulimzika. Ndiyo maana siamini tena jicho langu wala huruma yangu, naamini mizani.

Imeshatundikwa pale mlangoni mwa banda. Twende, kila mmoja achote fungu analompa poni wake kila siku, tuone lina kilo ngapi.