Juu ya nini wanainama mbele ya sanamu ya Buddha?

Jambo yenu ba papa na ba mama, jambo na ninyi vijana wa pale nyuma, sogeeni mbele, viti viko. Merci kwa kuja na hii jua ya leo, najua wengine mumetoka paka Ruashi.

Niingie kwenye jambo. Hapa Lubumbashi karibu kila familia iko na mtu anayefanya kazi na Wachina, kama si kwenye mgodi basi ni kwenye depo ao dukani, na huyo mtu akirudi jioni anakuwa na habari: patron yuko na kasanduku kekundu ukutani, ndani kuna kasanamu, mbele yake machungwa na vijiti vya ubani vinatoa moshi, na asubuhi kabla ya kufungua mlango anaunganisha mikono anainama. Na jibu ya nyumbani inakuja haraka sana, eeh, huyo anaabudu sanamu, ao mbaya zaidi, njo maana anapata makuta. Leo tukae juu ya hilo jibu. Mimi ni Mkristu, nafundisha historia ya dini, na inaniuma kabisa nikisikia tunahukumu magoti ya mtu na hatujamuuliza hata neno moja.

Kwanza tutenganishe vitu. Ile sanamu ya jenerali mwenye uso mwekundu na ndevu ndefu si Buddha, ni Guan Yu, askari wa China aliyekufa karibu na mwaka 220, wafanyabiashara wanamheshimu juu ya uaminifu wake. Na yule mnene wa tumbo wazi anayecheka, ni Budai, mtawa Mchina wa karne ya 10. Buddha mwenyewe, Siddhartha Gautama, alizaliwa Lumbini, leo ni Nepal, akafundisha kama miaka 45 kule kaskazini ya India, akafa na miaka 80 pale Kushinagar. Alikuwa mtu. Wabuddha hawasemi kwamba aliumba dunia, wala kwamba atawahukumu siku ya mwisho. Muiweke hiyo kichwani juu bila hiyo yote ninayosema haitashika.

Sasa muangalie wanavyoinama. Thailand na Sri Lanka mtu anapiga magoti, anakalia visigino, anaunganisha viganja kifuani, anavipandisha paka kwenye paji la uso, halafu anashuka: mikono inalala chini, viwiko karibu na magoti, paji la uso linagusa sakafu katikati ya mikono. Magoti mawili, mikono miwili, paji la uso, vitu vitano chini. Anafanya mara tatu, moja ni kwa Buddha, moja kwa mafundisho, moja kwa jamii ya watawa. Wachina wengi wakifika chini wanageuza viganja viangalie juu, sawa mtu anayepokea miguu ya mwalimu mikononi. Watibeti wao wanalala mwili mzima, wanajinyoosha, wanasimama, tena chini, na kuna mazoezi yao ya mwanzo ambapo mtu anafanya hivyo mara 100,000. Laki moja! Magoti yanachubuka, wengine wanavaa vibao mikononi ili wateleze kwenye sakafu. Mtu hawezi kufanya hiyo miezi na miezi juu ya kubembeleza kipande cha shaba, kuna kitu kingine anatafuta.

Anatafuta nini? Kuna hadithi moja ya China naipenda kuliko zote, iko katika kitabu cha mafundisho ya Huineng, yule wanayemhesabu kuwa mkubwa wa sita wa njia ya Chan, tawi moja la Wabuddha wa China ambalo huko Japani linaitwa Zen. Mtawa mmoja jina lake Fada alikuja kumsalimia. Huyu Fada alikuwa amesoma Sutra ya Lotus, kitabu kitakatifu cha Wabuddha, kwa sauti mara 3,000, tangu utoto wake hiyo tu. Akapiga magoti mbele ya mkubwa, akainama, lakini kichwa hakikugusa chini. Kidogo tu kilibaki juu. Huineng akaona. Akamwambia, kama kichwa hakifiki chini, heri usingeinama kabisa, iko kitu moyoni mwako, ni kitu gani? Na Fada akajibu wazi, nimesoma ile Sutra mara 3,000. Huineng akamfundisha kwamba kuinama kumewekwa ili kuangusha bendera ya majivuno, sasa wewe umekuja na bendera yako imesimama.

Muone vile ilivyo. Hapo hakuna sanamu, ni mtu anainama mbele ya mtu, na mwalimu hakuuliza umeniheshimu ao hukuniheshimu, aliuliza kuna nini ndani yako. Na kile kilichomzuia Fada si dhambi ya kunywa ao ya wizi, ni ibada yake mwenyewe. Kazi yake nzuri njo iliyomshika shingo. Nasema hivi juu hata sisi tuko nao, mtu amefunga siku arobaini, amekesha, halafu hawezi tena kumsalimia jirani. Fada alilia, kitabu kinasema, akakaa, akajifunza.

Bibi arusi akiingia kwa wakwe, akipiga magoti kumpa baba mkwe maji, hakuna mtu humu anasema amemfanya Mungu. Mwili unaongea. Na tena mwili unafundisha moyo, juu siku ile ameamka na hasira, magoti yanashuka kwanza, moyo unafuata nyuma polepole. Wabuddha wanashika sana upande huo wa pili.

Na sanamu zenyewe zilichelewa. Mukiangalia milango ya mawe ya Sanchi kule India, karne ya kwanza kabla ya Kristu, maisha ya Buddha yamechongwa lakini yeye humuoni, unaona mti, gurudumu, alama za nyayo, kiti kitupu. Sura ya mtu ilianza kuenea tu karibu na karne ya kwanza baada ya Kristu, pande za Gandhara na Mathura. Watu walikuwa wanainama mbele ya kiti kitupu! Na Buddha mwenyewe akiwa hai, kuna mwanafunzi wake Vakkali aliyekuwa mgonjwa sana, analalamika kwamba amekosa nguvu ya kwenda kumuona, Buddha akaja kwake akamwambia basi Vakkali, huu mwili unaooza utakufaa nini kuuona, anayeona mafundisho njo ananiona mimi.

Kuna na Danxia, mtawa wa karne ya 8 na 9, usiku wa baridi kali akachukua Buddha wa mti akamuwasha moto. Mwenye hekalu akafoka. Danxia akasema natafuta mabaki matakatifu ya mwili wa Buddha ndani ya majivu. Yule akasema, mabaki gani ndani ya mti? Danxia akajibu, kama hakuna basi, nipe na zile sanamu zingine mbili niziwashe. Hadithi hii inasimuliwa na watu wanaoinama kila siku asubuhi mbele ya sanamu, na hawaoni shida.

Lakini nisiwapake mafuta. Wabuddha wengi wanaomba vitu. Mama anaenda mbele ya sanamu ya Guanyin, mtakatifu wao wa huruma, anaomba mtoto, mwanafunzi anaomba ekzamini, patron anaomba soko. Na kuna ibada ya kufungua macho ya sanamu, pale Nara, Japani, mwaka 752, mtawa aliyetoka India, Bodhisena, alichora macho ya Buddha mkubwa wa shaba, na sanamu ikahesabika kuwa takatifu. Kwa hiyo mtu akisema ni alama tu, si kitu zaidi, hajamaliza kusema. Nafikiri watu ni watu, moyo ukibanwa unaomba mbele ya kilicho karibu. Ila walimu wao wakubwa wanarudia ile ile, kwamba kama umeinama na umeinuka na kiburi kile kile, umefanya spoti.

Papa mmoja hapa ameinua mkono, najua, ni kitabu cha Kutoka sura ya 20, usijifanyie sanamu ya kuchonga, usiisujudie. Ndiyo papa. Hata sisi wenyewe tuligombana juu ya hiyo paka mtaguso wa Nikea, mkutano mkubwa wa maaskofu wa mwaka 787, ukakata kwamba heshima inayopewa picha inaenda kwa yule aliyechorwa, na ibada yenyewe ni ya Mungu peke yake, na makanisa mengi ya hapa mjini hayakubali mpaka leo. Siwaambii muiname. Mimi siinami pale. Nawaambia musimpe mtu dhambi ambayo hamjamuona nayo.

Na kuna sehemu katika ile Sutra ya Lotus, sura ya 20, kuna mtu anaitwa Asiyedharau Kamwe. Huyu hasomi, haendi kwenye sanamu, kazi yake ni kuinama mbele ya kila mtu anayepita njiani na kumwambia sikudharau, wewe utakuwa Buddha siku moja, ndiyo kusema mtu aliyeamka. Watu wanakasirika, wanamtupia mawe na fimbo, anakimbia, akifika mbali anageuka analalamika? Hapana, anainama tena na kurudia maneno yale yale kwa sauti. Hiyo sura nikiisoma nakaa kimya muda. Jiulize tu, hapa mjini, patron na mfanyakazi, nani anamuinamia nani kwa moyo huo? Mchina anayeinama asubuhi na mchana anamtukana mchimbaji, kitabu chake mwenyewe kinamshitaki, na sisi tunaotoka misani tukamtukana mama wa mkaa, tuko benchi moja naye.

Mama ameuliza kuhusu mtoto wake mpishi, ameambiwa apanguse vumbi kwenye kile kisanduku na abadilishe machungwa, aogope ao asiogope. Mama, hiyo ni kazi, kupangusa si kuinama, hakuna aliyemgeuza dini. Wakimlazimisha ainame, aseme hapana kwa adabu, Wabuddha wenyewe hawahesabu kitu kwa kuinama kwa nguvu. Na akiingia hekalu siku moja avue viatu, akikaa chini asielekeze nyayo kwa sanamu, asimame kwa utulivu, inatosha.

Haya, nani mwingine, wewe kijana wa shati ya bluu.