Shikamoo ya Mwanjelwa

NEEMA: Tumeanza? Haya, habari zenu wasikilizaji. Leo tuliwaahidi mambo matatu kwa mtu anayeogopa kuongea na watu. Nimeyaandika kwenye karatasi kabisa. Ila Lusajo kaingia na sura ya mtu aliyeibiwa.

LUSAJO: Sijaibiwa. Nimeamkia.

NEEMA: Umemwamkia nani?

LUSAJO: Jumamosi nilikwenda sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya, kuchukua mchele wa Kyela, kilo 10. Unanijua mimi na kupatana bei.

NEEMA: Wote wanajua. Yule wa kulipa nauli ya bajaji mara mbili kwa kuogopa kumwambia dereva "nimeshakupa".

LUSAJO: Hiyo tulishaifunga. Safari hii nilijiandaa. Toka Mafiati niko kwenye bajaji narudia kimoyomoyo: "Mama, mimi mteja wako wa siku zote, kilo nifanyie 2,700." Kufika, mama hayupo. Yupo kijana, kidato cha nne kamaliza juzi, kavaa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, yuko na simu yake. Maneno yote yakaruka. Kilichotoka mdomoni ni "Shikamoo."

NEEMA: (anacheka) Kwa mtoto!

LUSAJO: Subiri. Hata kichwa hakuinua. "Marahaba. Karibu, kijana."

NEEMA: Kijana! Na wewe una mvi mbili.

LUSAJO: Tatu. Sasa mtu umeshamwamkia, unamwombaje apunguze bei? Nikachota mchele kiganjani, nikanusa kama mjuzi, nikatoa 30,000 yote. Na ndaga fijo juu, asante sana ya Kinyakyusa.

NEEMA: Jamani, marahaba!

LUSAJO: Endelea tu.

NEEMA: Hapana, tuongee. Kosa si shikamoo. Kosa ni ile hotuba ya kwenye bajaji. Ulijiandaa kwa mama, ukamkuta mtoto, ukabaki huna kitu. Mtu unamwangalia kwanza, ndipo unaongea.

LUSAJO: Bila ile hotuba hata kibandani nisingefika. Ningenunua dukani mtaani, kwa bei ya kwenye kibao, nimenyamaza.

NEEMA: Mimi nimekua Ruaha Mbuyuni, nauza vitunguu barabarani. Basi linasimama dakika mbili. Unakimbia na ndoo kichwani, dirisha linafunguka, humjui aliye ndani, ni mzee, ni askari, ni mlevi. Muda wa kutunga hotuba huna. Unaongea.

LUSAJO: Ulikuwa unasema nini?

NEEMA: "Mama, vitunguu, vikavu hivi, havina maji."

LUSAJO: Na dirisha la pili?

NEEMA: ...Hivyo hivyo.

LUSAJO: Miaka mingapi?

NEEMA: Lusajo.

LUSAJO: Miaka mingapi, dada?

NEEMA: Sita.

LUSAJO: Basi hotuba yako umeirudia mara elfu, mimi yangu mara nane toka Mafiati. Tofauti ni hiyo tu. Wote tumekariri.

NEEMA: Sikubali. Akisema "ghali", hilo jibu nilikariri wapi? Mwingine unamchekesha, mwingine unamwongezea kimoja, mwingine unaondoka kwa maringo akuite. Hiyo inatoka kwake, kwenye uso wake. Wewe ulikuwa unaangalia magunia.

LUSAJO: Mtu mwenye aibu ukimwambia "angalia uso" umemuua. Uso ndio unaomtisha! Mpe sentensi moja ya kushika mkononi.

NEEMA: Ndiyo uliyokuwa umeishika. Ikakupeleka wapi?

LUSAJO: Ikanifikisha kibandani.

NEEMA: Kwa mkubwa wako.

LUSAJO: Hatutaelewana.

NEEMA: Hatutaelewana, na huyu mwenye chumba anagonga, wenzetu wa kwaya wameshafika. Karatasi yangu je?

LUSAJO: Soma haraka.

NEEMA: La kwanza, anza na watu wa... hapana, hili linataka maelezo. Tuliache. La pili ulishalipinga.

LUSAJO: La tatu?

NEEMA: La tatu linasema jizoeze sokoni. (wanacheka) Basi, wiki ijayo. Kwanza ungerudi pale Jumamosi, umwambie yule mtoto mlipishane heshima.

LUSAJO: Kilo 10, naishi peke yangu. Sirudi mpaka mvua zianze.

NEEMA: Mchele wenyewe lakini mzuri?

LUSAJO: Unanukia nyumba nzima. Una mawe kidogo.

NEEMA: Ulimpigia ukamwambia?

LUSAJO: Nani, mkubwa wangu?