Kinachosomwa Kati ya Picha Mbili
Mhadhara kwa walimu, wakutubi na wazazi kuhusu katuni na riwaya za katuni kwa watoto na vijana

Ndugu walimu, wakutubi, wazazi, na ninyi vijana mliojibanza kule nyuma mkidhani siwaoni, asanteni kwa kunialika. Barua yenu ilinitaka nieleze "namna katuni inavyoweza kumfikisha mtoto kwenye vitabu vya kweli". Niwaombe radhi mapema: nusu ya mada hiyo sitaigusa. Sina neno la kusema kuhusu katuni kama ngazi ya kupandia kwenda kwingine. Mtoto aliyeinamia katuni anasoma tayari, na sehemu kubwa ya kusoma huko inatupita sisi watu wazima kwa sababu inafanyika mahali ambapo hapajachapwa kitu.

Tazameni ukurasa huu kwenye skrini. Nimeuchora mwenyewe kwa ajili ya leo, kwa hiyo mnaruhusiwa kucheka. Fremu ya kwanza: msichana anamfunga mbwa wake kwenye nguzo. Fremu ya pili: kamba iko chini, peke yake. Ya tatu: uso wa msichana umejaa fremu nzima, hakuna neno hata moja. Ya nne: barabara tupu, na ukingoni kulia kinachungulia kiputo cha maneno ambacho mkia wake umeelekea nje ya picha. Kimeandikwa: "Jamani, huyu ni wa nani?"

Mbwa alitoroka saa ngapi? Naam, nasikia mnasema kati ya fremu ya kwanza na ya pili. Nani kawaambia? Hakuna picha ya mbwa akikimbia wala sentensi inayosema ametoroka. Pale katikati pana mwanya mweupe tu, mwembamba kama kidole, na ninyi wenyewe mmemtorosha mbwa ndani yake. Sasa angalieni mwanya wa pili. Hapo muda haujasogea hata kidogo. Ni macho tu yamehama kutoka chini kwenye kamba kwenda kwenye uso. Mwanya wa tatu je? Huo umemeza safari nzima. Msichana amekimbia, labda ameulizia nyumba kwa nyumba, labda amelia. Mianya mitatu yenye upana uleule, na kila mmoja umedai kazi yake. Mchoraji wa Marekani, Scott McCloud, aliifafanua kazi hii katika kitabu chake cha mwaka 1993, kitabu cha nadharia ambacho chenyewe kimechorwa chote kwa katuni. Tangu hapo wanaoichambua sanaa hii hawakosi kuutaja mwanya.

Bado kuna ule mkia wa kiputo. Anayeuliza haonekani. Msomaji lazima ajue kwamba mkia unaelekea kwa msemaji, na kwamba ukielekea nje ya picha basi msemaji yuko huko nje. Lazima ajue pia kwamba kiputo chenye vijiduara badala ya mkia ni mawazo ya mtu na hakisikiki kwa wengine, kwamba kingo zenye meno ni kelele au sauti ya redio, na kwamba mistari nyuma ya miguu ni mwendo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama. Kwenye katuni anaambiwa, tena anafundishwa. Tatizo ni kwamba watoto wengi hujifundisha wenyewe, kimyakimya, kwa hiyo tunadhani hakuna kilichofundishwa.

Hata njia ya macho ina kanuni zake. Weka fremu mbili kushoto, moja juu ya nyingine, halafu kulia weka fremu moja ndefu inayozikinga zote mbili. Ukitoka ile ya juu kushoto unakwenda wapi, kulia au chini? Neil Cohn, mtafiti anayechunguza lugha ya picha, aliwapa watu kurasa tupu zenye mpangilio wa namna hiyo, bila mchoro wala neno, akawaomba waweke namba za mfuatano. Wengi walishuka chini kwanza, ndipo wakaenda kulia, ingawa kwenye maandishi ya kawaida wangefuata mstari hadi mwisho. Kwa hiyo mwalimu ukimwona mtoto amekwama kwenye ukurasa, usikimbilie kusema neno limemshinda. Huenda hajui aende wapi. Mwekee kidole, basi.

Kuhusu maneno yenyewe, nimezoea kusikia kwamba katuni ina msamiati wa kitoto. Mwaka 1988 Donald Hayes na Margaret Ahrens walichapisha hesabu yao ya maneno adimu, yaani yale yasiyomo katika maneno 10,000 yanayotumika zaidi kwa Kiingereza. Vitabu vya watoto vilikuwa na maneno adimu kama 31 katika kila maneno 1,000. Mazungumzo ya watu wazima waliosoma chuo kikuu yalikuwa na 17. Katuni? Zaidi ya 53. Hizo ni katuni za lugha moja na za zama zile, siwezi kuapa kwamba kila katuni iko hivyo. Lakini sababu yake inaeleweka. Mchoro ukishabeba mazingira, mwandishi hana hofu ya kumpa mtoto neno gumu, kwa kuwa maana yake iko palepale mbele ya macho.

Basi dharau imetoka wapi? Hapa mniruhusu nikae kidogo, maana kisa chenyewe kina mafunzo kuliko hotuba yangu.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, Marekani ilikuwa imefurika katuni: za majambazi, za kutisha, za mapenzi, za wanyama wanaoongea. Zote zilikaa rafu moja na watoto walizinunua wenyewe. Daktari wa magonjwa ya akili, Fredric Wertham, akatoa kitabu mwaka 1954 akidai zinawatumbukiza watoto kwenye uhalifu. Mwaka huohuo kamati ndogo ya Seneti ilikaa New York kusikiliza suala hilo, na Wertham akasema mbele yao kwamba Hitler alikuwa mwanagenzi ukimlinganisha na wachapishaji wa katuni. Wachapishaji wakaingiwa na hofu. Kabla mwaka haujaisha walijiwekea wenyewe kanuni: wema ushinde kila mara, polisi na mahakimu wasionyeshwe kwa namna ya kuvunjiwa heshima, wafu wanaotembea marufuku, na hata neno "kutisha" lisionekane kwenye jina la jarida. Katuni iliyopita kwa mkaguzi ilipigwa muhuri kwenye jalada. Isiyo na muhuri, wasambazaji wengi hawakuigusa.

Wertham hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza kichwa. Mwaka 1946 alifungua kliniki Harlem, mtaa wa watu weusi jijini New York, kwa ajili ya watu ambao hospitali nyingi hazikuwataka, na utafiti wake ulitumika mahakamani kupinga ubaguzi wa rangi mashuleni. Aliwapenda watoto kwelikweli. Hata hivyo, mwaka 2012 mtafiti wa masuala ya maktaba, Carol Tilley, alichapisha alichokikuta kwenye nyaraka za Wertham baada ya kufunguliwa kwa watafiti. Ushahidi mwingi ulikuwa umepindwa: maneno ya watoto yamebadilishwa, watoto kadhaa wamegeuzwa mmoja, na shida nyingine za maisha yao zimeachwa ili katuni ibebe lawama peke yake.

Na kanuni ile ilifanya nini? Sikilizeni hili. Kulikuwa na hadithi fupi iliyochapwa kwanza mwaka 1953. Mjumbe kutoka duniani anakwenda kukagua sayari ya roboti kama inastahili kuingizwa kwenye umoja wa sayari. Anakuta roboti za rangi ya chungwa zinazibagua zile za buluu, ingawa ndani zimeundwa sawasawa. Anakataa, anaondoka, na katika fremu ya mwisho anavua kofia ya safari: ni mtu mweusi. Wachapishaji walipotaka kuirudia baada ya kanuni kuanza, mkaguzi alitaka yule mtu asiwe mweusi. Hebu fikirini, ukiuondoa uso ule hadithi inabaki na nini? Wachapishaji waligoma, wakaichapa mwaka 1956 kama ilivyokuwa. Muhuri ule wenyewe uliendelea kwenye majalada, ukizidi kupuuzwa, hadi mwaka 2011 wachapishaji wa mwisho walipouacha.

Kwa hiyo katuni ilibanwa iwe ya kitoto, kisha ikadharauliwa kwa kuwa ya kitoto. Kwingineko haikuwa hivyo. Japani ilikuwa na katuni kwa kila umri, zinazosomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Zilipoanza kutafsiriwa Magharibi, wachapishaji walizigeuza kama kwenye kioo ili zisomwe kutoka kushoto, na ghafla mashujaa wote wakawa wanashika upanga kwa mkono wa kushoto. Miaka ya mwanzo ya 2000 wengi waliacha kuzigeuza. Watu wazima walihofia vijana watachanganyikiwa, kumbe vijana walizoea baada ya kurasa chache.

Leo mambo yamebadilika. Mwaka 2020 tuzo ya Newbery, inayotolewa Marekani kwa vitabu vya watoto tangu mwaka 1922, ilikwenda kwa riwaya ya katuni kwa mara ya kwanza, kazi ya Jerry Craft. Lakini ninayependa kuitaja zaidi ni ya Cece Bell ya mwaka 2014, anayesimulia utoto wake baada ya ugonjwa kumpotezea usikivu akiwa na miaka minne. Wahusika wote kawachora kama sungura, na nadhani hakuna haja ya kueleza kwa nini mtoto asiyesikia vizuri ajichore mwenye masikio marefu namna ile. Betri za kifaa chake cha kusikia zinapoisha, maandishi ndani ya viputo yanaanza kufifia, yanazidi kufifia, mwisho viputo vinabaki vitupu. Midomo inachezacheza na msomaji haambulii kitu. Mwandishi wa nathari angehitaji aya nzima kueleza hali hiyo, na bado msomaji angekuwa anasikia kila neno.

Nguvu hiyohiyo ndiyo inayoleta matatizo. Januari 2022 bodi ya shule ya kaunti moja jimboni Tennessee iliiondoa darasani riwaya ya katuni ya Art Spiegelman kuhusu mauaji ya Wayahudi, iliyopewa tuzo maalumu ya Pulitzer mwaka 1992. Sababu zilizotolewa ni matusi machache na mchoro mdogo wa mwili mtupu. Nimelifikiria sana jambo hili. Riwaya ya maneno inajilinda kwa urefu wake: anayetaka kuishtaki inabidi aisome kidogo. Katuni inafunguka popote, fremu moja inapigwa picha na simu, na hukumu inatoka kabla hadithi haijasomwa.

Hilo halina maana kwamba kila katuni ni ya kila mtoto. Wakutubi, tafadhali, msipange rafu kwa kuangalia michoro. Ipo michoro laini iliyobeba mambo ya watu wa miaka 18, na ipo yenye mistari mikali ambayo mtoto wa miaka 8 ataifurahia bila shida. Isomeni kwanza, yote.

Wazazi huniambia: "Anamaliza kitabu kwa nusu saa, amepitisha macho tu." Pengine ni kweli. Mara ya kwanza mtoto hukimbilia kujua mwisho. Mwacheni arudie, maana atarudia, na mkikaa naye msimsomee viputo vyote. Mgawane wahusika, kila mtu na sauti yake. Wekeni kidole kwenye mwanya mmoja tu na muulize, "Hapa kumetokea nini?" Msiulize kila ukurasa, atawakimbia. Na jibu lake likitofautiana na lenu, rudini wote kwenye picha mtafute ushahidi.

Nimalizie na kuchora, maana naona watu wameanza kuficha mikono. Rodolphe Töpffer wa Geneva, ambaye wengi humtaja kama baba wa sanaa hii, alikuwa mwalimu. Alichora hadithi zake kuwachekesha wanafunzi na marafiki. Mshairi Goethe alipozisoma alizisifu, na mwaka 1833 ya kwanza ikachapishwa. Macho ya Töpffer yalikuwa na kasoro iliyomzuia kuwa mchoraji wa picha za rangi kama baba yake. Mwaka 1845 aliandika kwamba uso wowote, hata ukichorwa vibaya namna gani, lazima uwe na hisia fulani; kazi ya mchoraji ni kubadilisha kidogokidogo hadi aipate ile anayoitaka. Tazameni ubaoni. Duara, nukta mbili, mstari wa mdomo. Nashusha nyusi kuelekea katikati: kakasirika. Nazipandisha ncha za ndani: ana huzuni. Nasogeza nukta zote mbili kushoto: kuna kitu anakiogopa, na tayari mnataka kujua ni nini.

Kwenye kila kiti kuna karatasi ya A4. Ikunjeni mara tatu kisha mfungue, mtaona vyumba vinane. Ikunjeni tena katikati kwa upana, mkate kutoka upande wa mkunjo hadi katikati ya karatasi, mfungue, mkunje kwa urefu, halafu msukume ncha mbili zikutane. Hicho ni kitabu cha kurasa nane, bila gundi. Mchore hadithi ya kitu kilichopotea, na mahali kilipopotelea pasionyeshwe kwenye fremu yoyote. Tuna dakika 20. Wanaosema hawajui kuchora wahamie mbele, kalamu za risasi ziko huku kwangu.