Chapati, maandazi na upande usiotakiwa

Haya jamani tuanze, wa nyuma mnasikia? Poa. Leo ni grafu za kutolingana, zile za alama za mdomo wa mamba, na mimi nasema wengi hawafeli kwenye grafu, wanafeli kwenye Kiswahili. Mtu akisikia "isizidi 200" sikio linadaka "zidi" na mkono unaandika kubwa kuliko, kumbe isizidi ni 200 kushuka chini, na 200 yenyewe imo. "Isipungue" ndo inapanda juu. Soma sentensi mara mbili kabla hujashika rula.

Twende na mama anayepika chapati na maandazi asubuhi. Ana unga kilo 8, chapati moja inakula gramu 80, andazi gramu 40. Chapati ziite x, maandazi y, kwa hiyo 80x + 40y isizidi 8000, gawanya kwa 40 upate 2x + y ≤ 200. Jikoni tuseme kila kimoja kinamla dakika 1 na ana dakika 150 tu, basi x + y ≤ 150. Halafu wateja wake ni wa maandazi zaidi, kwa hiyo maandazi yasipungue chapati, y ≥ x. Na x na y zisiwe hasi, maana hakuna chapati hasi, ingawa kwenye madaftari nimeziona nyingi tu.

Sasa chora. Mstari wa unga unapita 100 kwenye mhimili wa x na 200 kwenye y, unganisha. Ungekuwa "chini ya" bila usawa tungechora wa nukta nukta, huu wetu ni mzima. Upande gani? Jaribu (0,0), sifuri haizidi 200, kweli, basi upande wa sifuri ndo mzuri. Ila kwenye y = x usijaribu (0,0) kwa sababu mstari wenyewe umepita hapohapo, haikwambii kitu, chukua (0,50), maandazi 50 bila chapati, inakubali.

Kivuli mimi natia upande USIOTAKIWA. Najua kuna walimu wanatia unaotakiwa na wako sahihi, lakini ukishakuwa na mistari mitano, penseli juu ya penseli, utatafuta jibu lako ndani ya giza. Tupa takataka nje, kinachobaki cheupe ndo chako.

Cheupe chetu kina kona nne: (0,0), (0,150), (50,100), na ile ambapo 2x + y = 200 inakutana na y = x. Faida ikiwa shilingi 150 kwa chapati na 100 kwa andazi, kona ya (50,100) inatoa 17,500, hakuna inayoifikia. Kona tu ndo tunapima kwa sababu ukiusogeza mstari wa faida (ule wa nukta zote zenye faida ileile) nje taratibu, sehemu ya mwisho kugusa cheupe ni kona, au ukuta mzima wenye kona zake. Mwaka 1947 mwanahisabati George Dantzig alitoa njia ya kutembea kona hadi kona hata vitu vikiwa vingi kiasi kwamba karatasi haichoreki, na mwaka huohuo wakaijaribu kwenye swali la mlo wa bei rahisi lenye vyakula 77, kwa mashine za kubonyeza kwa mkono, ikala siku-kazi kama 120. Sisi vyakula viwili tunalalamika.

Swali la nyumbani nalitoa na jibu kabisa, maana najua hamtafanya. Chapati ipande faida iwe 300. Kona bora inahamia kwenye y = x, chapati 66 na theluthi mbili, maandazi hivyohivyo. Nani ananunua theluthi mbili ya chapati? Ukikadiria juu, 67 kwa 67, unga unaotakiwa ni gramu 8,040, umepungukiwa andazi moja zima. Ukishuka 66 kwa 66 umebakiza unga bure. Chungulia nukta za jirani ndani ya cheupe: chapati 66, maandazi 68, unga unaisha wote, faida 26,600.