Uzito wa Kibati na Uzito wa Mizani: Sheria ya Kuvuta Tela la Farasi Nchini Uingereza

Mwenyekiti, mabibi na mabwana, nimeombwa nizungumzie uzito ambao gari dogo linaruhusiwa kisheria kuvuta linapofungiwa tela la farasi. Nitajifunga kwenye sheria inayotumika England, Scotland na Wales, kwa kuwa huku ndiko wengi wenu mnakoishi na kufanya kazi, na kwa kuwa Ireland ya Kaskazini ina utaratibu wake wa leseni. Sisi tuliokulia Tanzania na Kenya tumezoea kwamba mizani ni jambo la malori: ukipita Vigwaza au Mariakani ukiwa ndani ya gari dogo, unaiona foleni ya semitela nawe unaendelea na safari yako. Hapa Uingereza, polisi au mkaguzi wa DVSA, yaani wakala wa serikali unaosimamia viwango vya madereva na magari, ana mamlaka ya kulisimamisha gari la familia lenye tela la farasi wawili na kulipeleka likapimwe.

Sheria hii huuliza maswali mawili, na makosa mengi hutokea mtu anapolijibu moja kwa jibu la jingine. Swali la kwanza ni hili: gari hili na tela hili vimeidhinishwa kufikia uzito gani? Swali la pili: leo, hivi vilivyo barabarani, vina uzito gani? Leseni yako hupimwa kwa swali la kwanza, yaani kwa namba za uzito wa juu zilizoandikwa kwenye kibati cha mtengenezaji, hata kama tela ni tupu na halina hata ubua wa majani. Kosa la kuzidisha uzito hupimwa kwa swali la pili, yaani kwa mizani.

Tuanze na leseni, ambayo siku hizi ina unafuu. Aliyefaulu mtihani wa gari dogo kabla ya tarehe 1 Januari 1997 aliruhusiwa kuendesha gari na tela ambavyo uzito wao ulioidhinishwa, kwa pamoja, haukuzidi tani 8.25. Aliyefaulu kuanzia tarehe hiyo alibanwa sana: akitaka kuvuta tela lililozidi kilo 750, jumla ya gari na tela haikupaswa kupita kilo 3,500, la sivyo afanye mtihani wa ziada. Gari lenye kibati cha kilo 2,500 na tela la farasi lenye kibati cha kilo 2,600 hufanya kilo 5,100, kwa hiyo kijana wa wakati huo hakuweza kuvuta tela hilo hata likiwa tupu linapelekwa gereji. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 mtihani huo wa ziada umeondolewa, na mwenye leseni kamili ya gari dogo anaweza kuvuta tela lenye uzito ulioidhinishwa wa hadi kilo 3,500. Niongeze hapa, kwa faida ya waliowasili karibuni, kwamba leseni ya Kenya au ya Tanzania haibadilishwi moja kwa moja kuwa ya Uingereza. Ukishakuwa mkaazi unaitumia kwa miezi 12, na baada ya hapo ni lazima ufanye mtihani wa hapa.

Kwa maoni yangu mabadiliko hayo ya 2021 yaliwapa watu ruhusa bila kuwapa maarifa. Leseni inakuruhusu tela la kilo 3,500, lakini haiongezi nguvu ya gari lako hata kidogo, na uwezo wa gari haumo kwenye leseni. Umo kwenye kibati cha mtengenezaji, ambacho kwa kawaida hukaa kwenye nguzo ya mlango au chini ya boneti, na ambacho madereva wengi huuza gari bila kuwahi kukisoma. Kibati hicho huwa na namba nne za kilo. Ya kwanza ni uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa limepakiwa. Ya pili ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, ambao hapa nitauita uzito wa msafara. Ya tatu na ya nne ni mzigo wa juu wa ekseli ya mbele na wa ekseli ya nyuma. Ikiwa namba ya pili haipo, kwa kawaida maana yake ni kwamba gari hilo halikuidhinishwa kuvuta kitu, hata kama fundi fulani amelifunga chuma cha kuvutia tela kinachong'aa. Kitabu cha gari nacho hutaja uzito wa juu wa tela lenye breki, na tela lina kibati chake. Unapaswa kutii kila kikomo kati ya hivi kwa wakati mmoja. Kimoja hakikufidii kingine.

Mfano utaonyesha jinsi jambo hili linavyonasa watu waangalifu. Tuchukue gari lenye uzito wa juu wa kilo 2,500, uzito wa msafara wa kilo 4,500, na kitabu kinachosema linaweza kuvuta kilo 2,200. Tela ni la farasi wawili, kibati chake ni kilo 2,600, na likiwa tupu lina kilo 950. Farasi ni wawili wa kilo 550 kila mmoja, na ndani ya tela kuna matandiko, majani makavu na madumu ya maji, vyote pamoja kilo 60. Tela limefika kilo 2,110: liko chini ya kibati chake, na liko chini ya kikomo cha kitabu cha gari. Baba, mama na watoto wawili wakubwa wanaingia kwenye gari pamoja na mizigo ya siku mbili, na gari kabla ya kufungwa tela lina kilo 2,420, chini ya kikomo chake cha 2,500. Kila kitu kikitazamwa peke yake kinapita.

Sasa jumlisheni. Kilo 2,110 na kilo 2,420 ni kilo 4,530, nao uzito wa msafara ni 4,500. Kuna kosa la kilo 30. Tena kuna la pili lililojificha zaidi. Tela likifungwa hulikandamiza gari kuelekea chini mahali pa kuungana, tuseme kwa kilo 90, na kilo hizo huhesabiwa kuwa mzigo wa gari, tena juu ya ekseli ya nyuma. Gari sasa lina kilo 2,510, na limevuka kikomo chake kwa kilo kumi. Jumla ya msafara haibadiliki, kwa sababu kilo zilizohamia kwenye gari zimetoka kwenye magurudumu ya tela. Dawa yake ni rahisi kuliko kununua gari jipya: watatu wakisafiri kwa gari jingine, wakiwa na wastani wa kilo 75 kila mmoja, zinaondoka kilo 225, na msafara unarudi kilo 4,305 bila farasi yeyote kuachwa nyumbani.

Mgandamizo huo wa mbele ya tela juu ya gari una kikomo chake pia. Hutajwa na mtengenezaji wa gari, na chuma cha kuvutia nacho kina namba yake. Unafuata iliyo ndogo. Kwa magari mengi ya kawaida huwa kati ya kilo 50 na 100, na magari makubwa hufika 150. Ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari huzama, magurudumu ya mbele huwa mepesi na taa humulika miti. Ukiwa mdogo mno, tela huanza kuyumba, na farasi walio ndani, wakihisi sakafu inacheza, huhama miguu na kuzidisha ule ule myumbo. Ndiyo sababu siupendi sana mjadala wa asilimia 85. Ni ushauri wa wavutaji wa nyumba za magurudumu, yaani karavani, kwamba tela lisizidi asilimia 85 ya uzito wa gari tupu. Si sheria, ingawa ni ushauri mwema kwa dereva mgeni. Lakini nyumba ya magurudumu haishtushwi na pikipiki. Farasi ni mzigo unaosimama, uzito wake mwingi uko juu, na una maamuzi yake.

Kuhusu uzito wa farasi wenyewe, watu hukadiria kwa macho na mara nyingi hupunguza. Farasi wa mbio wa jamii ya Thoroughbred aliyekomaa huwa na kilo 450 hadi 550 au zaidi kidogo. Wale wakubwa wa michezo ya kuruka hufika kilo 600 na 700. Shire, yule wa kukokota majembe, anaweza kuvuka kilo 900. Na poni wa Shetland ana takriban kilo 200. Tofauti kati ya jozi moja na nyingine inaweza kuzidi uzito wa gari dogo. Ipo tepu ya kupimia kifua ambayo hutoa makadirio, lakini hospitali nyingi za farasi zina mizani ya kweli, na kumpima mara moja kwa mwaka si gharama. Maji hayana siri: lita moja ni kilo moja. Na mavi yaliyoachwa kwenye mikeka tangu wiki iliyopita nayo hupimwa, ingawa hakuna anayeyataja.

Juu ya breki nitasema kwa ufupi. Tela lolote lenye uzito ulioidhinishwa unaozidi kilo 750 lazima liwe na breki, pamoja na waya unaozivuta endapo tela litachomoka gari likiwa linakwenda. Hakuna tela la farasi wawili linaloepuka sharti hilo. Mwendo wa juu nao ni maili 50 kwa saa kwenye barabara isiyogawanywa katikati na maili 60 kwenye iliyogawanywa na kwenye barabara kuu (motorway), nayo njia ya kulia kabisa ya barabara kuu yenye njia tatu au zaidi si yenu. Anayebeba farasi wa watu kwa malipo, uzito wa pamoja ukizidi kilo 3,500, aulize kuhusu takografu, yaani kifaa kinachorekodi saa za kuendesha na za kupumzika, na leseni ya uendeshaji biashara kabla ya kukubali kazi.

Upangaji wa mzigo pia ni sehemu ya uzito. Ukisafirisha farasi mmoja ndani ya tela la wawili, mweke upande wa kulia, na wakiwa wawili, mzito zaidi awe kulia. Huku tunaendesha kushoto kama nyumbani, na barabara hujengwa ikiinamia ukingoni, kwa hiyo uzito ukikaa kushoto tela huvutwa kuelekea mtaroni.

Adhabu za papo kwa papo za kuzidisha uzito huanzia pauni 100 na kupanda hadi 300 kadiri asilimia inavyoongezeka, na ukizidisha kwa zaidi ya asilimia 30 unapelekwa mahakamani. Mkaguzi pia anaweza kukataza gari lisiendelee. Hebu fikirini maana yake mkiwa kando ya barabara na farasi wawili ambao hakuna mahali pa kuwashushia.

Njia ya uhakika ni kwenda kwenye mizani ya umma kabla msimu haujaanza. Nendeni na msafara uliopakiwa kama siku ya safari, farasi wakiwa ndani na abiria kwenye viti. Kwanza pimeni msafara mzima, kisha magurudumu ya gari peke yake juu ya sahani huku tela likiwa bado limefungwa na limebaki nje, kisha ekseli ya nyuma ya gari, kisha magurudumu ya tela. Msiwashushe farasi pale. Chukueni karatasi yenye namba, ilinganisheni na vibati vyote viwili, na muiweke kwenye gari.